Mtani Aliyetolewa Kaburini

Niliondoka nyumbani kwa marehemu baba asubuhi, watu wakiwa bado wanakunywa uji, na sikumuaga mtu. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba nataka kumpata mzee mmoja, na kwamba mzee huyo anaishi mahali fulani kando ya Ziwa Tanganyika. Wengine pale msibani walisema yuko Kirando anaanika dagaa. Wengine walisema alishahama zamani, yuko Wampembe kwa mke mdogo. Namba yake ya simu alikuwa nayo baba peke yake, na simu ya baba ilifungwa kwa namba ya siri aliyokwenda nayo.

Kaka yangu alitaka jambo hilo lifanywe kwa utaratibu. Yeye ni daktari wa jeshi kama alivyokuwa baba, ana cheo cha meja, na kwake hakuna safari isiyo na kibali, dereva na saa ya kurudi. Alikuwa amezungumza na wazee waunde ujumbe, paroko aombwe kuuongoza, gari litafutwe. Wazee walikubali kila jioni kwa kutikisa kichwa, na kila asubuhi hakuna aliyeinuka. Mimi nimezoea kuondoka. Ni kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko nyingine yoyote.

Kilichonitoa ni kikohozi cha shangazi. Shangazi ni dada pekee wa baba, mama mzee aliyebaki mwembamba kama mpini wa jembe. Tangu tumzike baba alikuwa analala chini, kwenye mkeka wa msiba. Ilikuwa miezi ya kipupwe, na anayeijua Ufipa anajua upepo wa miezi hiyo unavyopita chini ya mlango kama mtu mwenye funguo zake. Na sakafu ya baba ni ya saruji. Aliimwaga mwenyewe alipostaafu, kwa sababu sakafu ya udongo, alisema, hufuga funza. Saruji haifugi funza, ila baridi inaifuga vizuri sana.

Kaka alimpima kifua asubuhi na jioni. Alimchoma sindano, akampa vidonge, akamfunika mablanketi mawili ya jeshi. Kisha alitoka nje akaniambia, "Pafu la kulia halijakaa sawa. Akiendelea kulala chini, hizi dawa ni maji tu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia kila siku."

Nami nilimsikia shangazi akimjibu, kwa sauti ya upole anayotumia kwa watu wenye vyeo. "Dawa nakunywa, baba. Sindano nakubali. Kitanda ndicho sipandi."

Katika ukoo wetu mkeka wa msiba hauondolewi na mfiwa. Huondolewa na mtani. Yeye ndiye hufagia uwanja, huzoa majivu ya moto wa matanga, hukunja mikeka na kuondoka nayo kwa kelele na matusi, na hapo ndipo dada wa marehemu anaruhusiwa kupanda kitandani. Bila mtani, msiba unabaki umekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Na mtani wetu sisi tulikuwa tumemtoa kaburini.

Nilipanda bodaboda hadi Sumbawanga mjini. Kwenye maegesho ya malori nilimkuta dereva mmoja niliyefahamiana naye Kasesya, enzi nilipokuwa nikipakia na kupakua mizigo mpakani. Alikuwa anafunga turubai juu ya magunia ya mahindi.

"Oya, mshikaji! Hujafa?"

"Bado."

"Pole na msiba, nimesikia. Unakwenda wapi?"

"Wewe unakwenda wapi?"

"Wampembe. Napeleka mahindi, narudi na dagaa."

"Basi na mimi nakwenda Wampembe."

Alicheka, akatikisa kichwa. "Mtu mzima na mvi zako, hujabadilika. Panda."

Kama lori lake lingekuwa linakwenda Kirando, ningeanza kutafutia Kirando. Nilipanda juu ya magunia, nikajifunika turubai hadi kidevuni, tukaondoka. Mashamba yalikuwa yameshavunwa. Kulikuwa na mabua ya mahindi yaliyosimama makavu, na kando yake yale matuta ya mviringo ambayo watu wetu hufukia nyasi ndani yake zioze, ili mwaka unaofuata udongo wake ulishe ulezi. Nikiwa juu ya lori nilikuwa na muda wa kufikiri, na nilimfikiria baba.

Habari za familia yetu huanza na machela. Babu yangu alichukuliwa kwenda vita vya pili vya dunia, akafika hadi Burma, na kazi yake yote huko ilikuwa kubeba majeruhi. Hakuwahi kupiga risasi. Aliporudi Ufipa alimfundisha baba, akiwa bado mdogo, namna ya kumwinua mtu aliyeumia: mmoja mabegani, mmoja magotini, msimtazame usoni, tazameni njia. Baba alisoma misheni, akaingia jeshini, akaanza kwa kufunga vidonda. Alikwenda vita ya Uganda akiwa kijana, na aliporudi jeshi likampeleka shule mpaka akawa daktari kamili. Kuhusu vita hiyo alituambia neno moja tu, kwamba kulikuwa na matope.

Alimwoa mama Songea, binti wa huko, na sisi wawili tulizaliwa makambini. Kaka alitangulia, mimi nikafuata baada ya miaka michache. Tuliishi Songea, tukaishi Tabora, tukaishi mahali pengine ninapopakumbuka kwa maembe tu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Shangazi alipokuja kututembelea, akimsalimu baba kwa Kifipa, baba alimjibu kwa Kiswahili mbele yetu. "Jeshini hakuna kabila," alisema. Alimaanisha mema. Alitaka watoto wake wasiwe na mahali pa kujificha. Lakini baadaye, akiwa na dada yake jikoni, wakidhani tumelala mchana, niliwasikia wakizungumza Kifipa kwa kasi, na baba akicheka kicheko nisichokijua.

Kila asubuhi kabla ya shule alitukagua. Tulisimama barazani, kaka kulia, mimi kushoto. "Vidole!" Tunanyoosha. "Geuza!" Tunageuza. "Ulimi!" Hapo anashika mpini wa kijiko, anaukandamiza ulimi, anachungulia koo kama mtu anayechungulia kisima. "Masikio!" Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kavu, na ilipanda kidogo mwishoni mwa neno, kama anayeuliza swali ambalo jibu lake analo tayari. Kaka alizipenda asubuhi hizo. Alikata kucha jioni, akalala na mikono juu ya blanketi isichafuke. Alijua akiwa bado shule ya msingi kwamba atakuwa daktari wa jeshi, na amekuwa.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, Tabora. Nilitaka kujua reli inaishia wapi. Nikapanda treni ya mizigo nikajua: inaishia Kigoma. Kutoka hapo kulikuwa na vitu vingine vya kujua, na miezi ikapita. Siku niliyorudi baba alinisimamisha barazani, akanitazama vidole, akanitazama ulimi, akavuta kope zangu chini. "Una minyoo," alisema. Akanipa dawa na sahani ya wali. Hakuniuliza kitu kingine, siku ile wala baadaye. Mama alilia kwa niaba yake.

Mama alifariki baba akiwa bado kazini. Alipostaafu alirudi peke yake Ufipa, kwenye kijiji kilicho chini ya milima ya Mbizi, akajenga nyumba iliyonyooka kama ofisi ya kambi, akatibu watu waliomfuata. Kaka alikuja likizo, kwa gari, na kuondoka kwa tarehe aliyokuwa ameitaja. Mimi nilipita nilipopita. Ndiyo maana mimi nilimwona mtani na kaka hakumwona.

Nilikuwa pale siku alipopanda kutoka ziwani na kapu la migebuka mikavu. Mzee mfupi, kofia ya kufuma kichwani, miguu ya mtu aliyezoea kusimama ndani ya mtumbwi. Alisimama uwanjani akapaza sauti:

"Daktari! Bado unaua watu, au na hilo umestaafu?"

Nilidhani baba atamfukuza. Baba alitoka na miwani mkononi. "Nani huyo ananuka mpaka huku? Paka wangu wameanza kulia."

"Nimekuletea samaki upate nguvu ya kuoga. Watu wa juu mnaoga Krismasi kwa Krismasi."

"Vua viatu, mwanaharamu, nyumba yangu ina sakafu."

Wakashikana mikono na kuanguka vitini wakicheka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayaona meno ya nyuma ya baba yangu. Ukoo wa yule mzee na ukoo wetu wametaniana tangu kabla ya kanisa na kabla ya barabara. Baba, aliyetulea kwamba hakuna kabila, alikuwa na mtani wake muda wote, amemtunza kama mtu anavyotunza fedha nje ya nyumba.

Kisha baba akafa. Jeshi lilituma askari wachache, bendera na mpiga tarumbeta, kwa sababu alikuwa mstaafu wa heshima. Kaka alisimama kando ya jeneza amevaa sare. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na waliochimba kaburi pale kando ya nyumba, nimeshika koleo.

Baada ya sala mlango wa nyumba ukafunguka na mtani akatoka. Alikuwa amevaa koti jeupe la baba, lile lililoning'inia nyuma ya mlango, likimfika chini ya magoti. Shingoni alining'iniza kamba ya katani yenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, ndicho kipimo chake cha kusikilizia moyo. Akaanza kukagua waombolezaji.

"Ulimi!" alimwambia mama mmoja. Mama akautoa, machozi yakimtiririka. "Huu si ulimi, hii ni kandambili. Umesema sana. Nenda kapumzike wiki mbili."

Watu wakaanza kucheka wakiwa bado wanalia, kama inavyotakiwa. Akamfikia mpiga tarumbeta, akamwekea kifuniko kifuani. "Pafu moja liko wapi? Umelipuliza likatokea huko?" Akamfikia paroko. "Vidole! Geuza! Laini. Huyu jembe analijua kwenye mahubiri tu." Paroko mwenyewe, Mfipa wa kuzaliwa, aliinamisha uso ndani ya kitabu chake, mabega yakitetemeka.

Shangazi alikuwa ameketi mbele. Alikuwa anacheka na kupiga makofi mepesi, na nilimwona akinyooka mgongo, kama mtu aliyeshushiwa kuni kichwani.

Ndipo mtani akaruka ndani ya kaburi. Akajilaza chali, akakunja mikono. "Kitanda hiki changu!" akapaza sauti kutoka chini. "Daktari aliniruhusu wodini kabla sijapona. Mimi sitoki. Yeye akatafute kingine!"

Hapo ndipo wafiwa hutakiwa kubembeleza. Hutolewa jogoo, hutolewa kichekesho, mtani hukataa, huongezewa, hukubali akinung'unika, na marehemu hupewa nafasi yake. Kila mtu pale alijua zamu ni ya mtoto mkubwa. Wakamtazama kaka. Mimi nilianza kupenya katikati ya watu, koleo mkononi.

Kaka alisema, bila kupandisha sauti, "Mtoeni."

Askari wawili walishuka. Walimwinua vizuri, mmoja mabegani, mmoja magotini, hawakumtazama usoni. Walimweka juu ya udongo kama mgonjwa. Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia bendera ikipigwa na upepo.

Mzee alisimama mwenyewe. Alijipangusa. Alivua lile koti, akalikunja kwa uangalifu, akampa kaka kwa mikono miwili. Akasema, "Pole sana, Meja. Mungu awape nguvu."

Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Mtani akikupa pole ya heshima, ujue amekufungia mlango.

Mazishi yaliendelea kwa utaratibu mzuri kabisa. Tarumbeta ilipigwa, bendera ikakunjwa, maua yakawekwa. Tuliporudi ndani shangazi aliketi kwenye mkeka akasema, si kwa hasira, "Basi kaka yangu amezikwa na wageni." Na tangu hapo hakuutoka mkeka isipokuwa kwa haja.

Siku chache baadaye kaka alinikuta barazani nikimenya kiazi. Hakuwa amelala vizuri. Aliketi kwenye kiti cha baba, akainuka, akaketi kwenye ngazi.

"Ulimfahamu yule mzee?" aliniuliza.

"Ni mtani wa baba. Alikuwa anafanya kazi yake."

"Utani naujua, mdogo wangu. Wodini kwangu manesi wanataniana mchana kutwa." Akaokota ganda la kiazi. "Ilikuwa sauti."

"Sauti gani?"

"Alivyosema 'ulimi'. Ilikuwa ni yeye. Mwishoni inapanda, unakumbuka? Nilifunga visigino. Mimi, na cheo begani, nilifunga visigino na nikakunja vidole ndani nisionekane kucha." Akavitazama vidole vyake. "Nilijua akisema neno jingine moja nitaangua kilio kama mtoto mbele ya askari wangu. Nikataka anyamaze. Ni hilo tu."

Ndani shangazi alianza kukohoa, na kaka akainuka kwenda kuchukua dawa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo juu ya magunia. Tulipofika ukingoni mwa nyanda za juu barabara ilianza kuteremka, na lori likashuka kwa gia nzito, likiguna kila kona. Hewa ilibadilika. Nilitoa mkono ndani ya turubai, kisha nikalitoa turubai lote, kisha sweta. Chini kabisa ziwa lilikuwa limelala, na upande wa pili milima ya Kongo ilionekana kwa shida kama kitu kilichofutwa. Sikuwahi kufika Wampembe. Nimefika sehemu nyingi, na bado moyo wangu hudunda vilevile kila ninaposhuka mahali ambapo hakuna anayelijua jina langu.

Dereva alisimama karibu na ufukwe. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya mchanga, wanawake wakiwageuza kwa mafagio. Nilimwuliza mmoja kama anamfahamu mzee mfupi wa kofia, mwenye maneno mengi, mtani wa daktari mmoja wa kule juu.

"Yule?" alisema, akaegemea fagio. "Maneno alikuwa nayo. Siku hizi hasemi. Tangu arudi kutoka huko kwenu hasemi. Tunamwuliza, mzee, umeng'atwa ulimi? Anasema, habari za mchana. Habari za mchana! Yule!" Akanionyesha nyumba ya bati yenye mwembe mbele, wavu umetandazwa kwenye kivuli.

Alikuwa ameketi juu ya kigoda, anaziba matundu ya wavu. Alinitambua. Niliona mikono ikisimama, kisha ikaendelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kiti. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Habari za hapa?"

"Nzuri, namshukuru Mungu. Wote wazima huko?"

Ilikuwa salamu safi, isiyo na kasoro, na ilinitia ubaridi kuliko kipupwe nilichokiacha. Niliketi. Nilijua ni lazima mtu aanze, na kwamba aliyefukuzwa hawezi kuwa yeye. Sijalelewa kwenye utani. Nilitafuta tusi kichwani kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

"Mzee," nikasema, "wale dagaa kule ufukweni unawaanika, au unajianika mwenyewe?"

Aliinua macho. "Hilo ni tusi?"

"Ndiyo."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana." Akarudi kwenye wavu. Lakini hakusema karibu tena, na hilo nililiona kuwa ni hatua.

Nikamweleza habari za kaka. Sikuzipamba. Nilimwambia tulivyosimama barazani asubuhi, kaka kulia, mimi kushoto. Nilimwambia kuhusu visigino na vidole. "Hakukutoa kwa dharau," nikasema. "Ulimwigiza baba barabara mno. Hakuweza kukusikia."

Uzi ulikuwa umemkatika mkononi na hakuufunga.

"Ile sauti," alisema hatimaye, "nimeitafuta miaka. Nilikuwa naifanyia mazoezi mtumbwini, peke yangu, samaki wananisikia. Nilimfanyia mwenyewe siku moja akiwa hai. Alikasirika. Akasema, mimi sisemi hivyo. Nikasema, unasema hivyo hivyo. Nikajua nimeipata." Akajifuta uso kwa kiganja, taratibu. "Halafu naitoa siku yenyewe, mnanibeba kama kiazi."

"Kaka anakuomba msamaha."

"Amesema hivyo?"

"Hajasema. Anaunda ujumbe."

Kitu kilipita usoni mwake, karibu kiwe kicheko. Akakizuia. "Mimi si mtu wa ujumbe. Nimekaa na baba yenu tangu tukiwa wadogo, tukiibiana mahindi. Nilikwenda kumzika. Nimerudi sijamzika. Unajua mtu anavyotembea akiwa hajamzika mtu wake? Kama amesahau kitu, anarudi nyumbani, hakijui ni nini."

"Shangazi yuko hivyo hivyo," nikasema. "Yuko kwenye mkeka tangu siku ile."

Mikono ilisimama kabisa. "Mkeka upi?"

"Wa msiba. Amekataa kitanda. Anasema wa kuuondoa ni wewe."

"Analala chini? Na baridi ile?"

"Juu ya saruji. Anakohoa. Kaka anasema pafu limeguswa."

"Kaka yako si daktari?"

"Anamchoma sindano."

"Sindano!" Akainuka na wavu ukaanguka. "Bibi mzee analazwa juu ya jiwe mwezi wa kipupwe, na nyie mnamchoma sindano. Una simu?"

"Ninayo, lakini hakuna mtandao."

"Huku chini mtandao hauko. Njoo."

Alinitangulia kwenda kwenye mwamba mmoja juu ya nyumba, ambako watu wawili walikuwa wamesimama na simu masikioni wakitazama pande tofauti. Aliwasukuma. Nikampigia kaka, nikawasha kipaza sauti.

"Uko wapi?" kaka alisema. "Tumekutafuta asubuhi yote."

Mzee akaichukua simu mkononi mwangu, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo. "Wewe muuaji mwenye nyota! Bado upo?"

Kisha kaka akasema, kwa sauti ndogo, "Nipo, mzee."

"Mzee nani? Mimi nalingana na wewe, ila wewe una tumbo. Mpe simu huyo bibi."

Tulisikia hatua juu ya sakafu, mlango, na kikohozi kikikaribia. Kisha sauti nyembamba: "Nani?"

"Mumeo."

Palikuwa na pumzi moja ndefu. Halafu shangazi akasema, "Mume wangu alikufa na akili zake. Huyu mwenye sauti ya chura ni nani?"

"Nasikia unalalia mkeka wangu."

"Mkeka wako tangu lini?"

"Msiba ukiisha mkeka huwa wa nani? Si wangu? Sasa wewe unauchakaza! Unaukoholea, unaumwagia uji, mimi nitakuja kuuza nini? Toka kwenye mkeka wangu! Ukunje sasa hivi uuweke pembeni, panda kitandani kwako huko ukaendelee kuzeeka."

Wale wawili wenye simu waliacha mazungumzo yao. Kwenye kipaza sauti shangazi alikuwa anakohoa, kikohozi kirefu kilichonifanya nisogee karibu, na katikati yake nikatambua kwamba si kikohozi chote. Alikuwa anacheka, na kulia, na kukohoa, vyote vikigombea mlango mmoja.

"Njoo uuchukue mwenyewe," alisema alipopata pumzi. "Na uoge kabla ya kupanda huku. Mbwa wetu hawajazoea harufu yako."

"Kesho napanda na lori la dagaa. Nitafagia huo uwanja, maana najua hao wanao hawajui fagio linashikwa upande gani. Na jogoo wangu wa kaburini bado namtaka."

"Utampata."

"Na huyo Meja amkamate mwenyewe. Kwa mikono yake. Amkimbize nimwone."

Simu ikarudi kwa kaka. Nilisikia vyombo, kiti kikivutwa, sauti za wanawake. Kisha akasema, akizungumza polepole kama anayesoma kipimo, "Ameinuka. Amekunja mkeka. Anauliza foronya ziko wapi."

"Mpe foronya," nikasema.

"Nampa."

Tuliposhuka mwambani jua lilikuwa bado juu ya maji. Mke wa mzee, mama mnene mwenye khanga mbili, alikuwa mlangoni na alishasikia yote, maana pale mwambani hakuna siri. Alinitazama kuanzia viatu hadi mvi.

"Huyu ndiye mwingine? Asiye daktari?"

"Huyu hana kazi," mzee alisema. "Alikuwa anatafuta reli inaishia wapi. Baba yake alinisimulia."

Sikujua kwamba baba alikuwa anasimulia habari zangu. Nilitaka kumwuliza alisema nini, na kwa sauti ipi, lakini mzee alikuwa ameshaingia ndani. Alinionyesha chumba cha uani, cha mtoto wao wa kiume aliyehamia Kigoma. Kulikuwa na kitanda cha kamba, boya la plastiki, chandarua kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu. Kulinuka samaki na sabuni. Mama akaleta maji ya kuoga kwenye ndoo, akasema nisiyaogope.

Niliweka begi langu juu ya kitanda. Mlango ulikuwa wa ubao, na sikuona kitasa wala komeo. Nikamwuliza mzee unafungwaje.

"Haufungwi," alisema. "Nani aibe Mfipa?"